Ziwa Victoria (3): Ngege, Mwani na Sahani ya Padri

Picha za maji ya kijani kibichi na samaki waliokufa vizimbani katika Ghuba ya Winam zimewafanya wasomaji waniulize swali la haki: ikiwa mwani ni chakula cha samaki, mbona ukizidi unawaua? Habari za fosforasi ya mashambani na vyooni tulizimaliza katika sehemu mbili zilizopita. Leo tumtazame mlaji.

Mlaji huyo ni ngege, samaki wa asili wa ziwa hili, ambaye wataalamu humwita Oreochromis esculentus. Si yule sato aliyejaa sokoni leo, ambaye aliletwa ziwani miaka ya 1950. Ngege hawindi. Huvuta maji kinywani, ute wa kwenye matamvua ukanasa chembe za mwani, maji yakatoka, chakula kikamezwa. Mwani aliouzoea ni diatomu, ambao kila seli yake imevaa ganda la silika.

Nyavu za makila zilipoingia Winam mwaka 1905, ngege alivuliwa bila huruma. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham na msaidizi wake, Worthington, walilipima ziwa kwa sababu samaki walikuwa wakipungua. Graham alishauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Kanuni ikawekwa, ikalegezwa, hatimaye ikaachwa. Hadi leo sijaona ushauri wa kitaalamu uliokuwa rahisi kiasi hicho kuufuata, wala uliopuuzwa kwa gharama kubwa kiasi hicho. Kisha akaja sangara, mla samaki wenzake, na kufikia miaka ya 1980 mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wakiwemo walaji wa mwani na wa tope, walikuwa wametoweka au wamebaki wachache mno.

Mwani ukizidi, maji ya ziwa hupoteza uangavu, na uangavu huo hupimwa kwa chombo ambacho sichoki kukisifu. Mwaka 1865 padri Mjesuiti na mwanaastronomia wa Roma, Angelo Secchi, alipanda meli ya Papa, Immacolata Concezione, akateremsha sahani nyeupe baharini kwa kamba na kuandika ilipopotea machoni. Hakuna betri wala maabara: ni sahani, kamba na jicho la mtu mwaminifu. Zamani, kwenye maji ya wazi ya Victoria, sahani ilionekana hadi mita kadhaa chini. Kufikia miaka ya 1990, ndani ya ghuba, ilikuwa ikipotea kabla ya kufika mita 2.

Kilichotokea katikati ni hiki. Fosforasi ilizidi, diatomu zikaongezeka hadi zikaimaliza silika kwenye maji, nazo zilipokufa zikaenda nayo chini kwenye tope. Nafasi ikachukuliwa na sianobakteria, wale wa rangi ya kijani-buluu, ambao hawahitaji silika na baadhi yao hujipatia naitrojeni kutoka hewani. Mmoja wa sianobakteria hao ni Microcystis, ambaye hufanya makundi yenye ute, mara nyingi yenye sumu ya kudhuru ini. Kuchemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Hata kama ngege wangerudi wote kesho, mezani wangekuta chakula kingine. Kwa hiyo chanzo kikubwa ni rutuba iliyozidi. Kumpoteza mlaji kuliongeza madhara.

Na vizimba? Mwani huo ukifa kwa wingi, bakteria wanaouozesha hunyonya oksijeni. Samaki wa ziwani huogelea kwingine, lakini wa kizimbani hana pa kwenda. Anayeweka vizimba kwenye ghuba isiyo na mzunguko mzuri wa maji anachezea mtaji wake, na aliyempa kibali anashiriki kosa hilo.

Ngege, ambaye karibu ametoweka katika Ziwa Victoria lenyewe, bado yupo katika ziwa dogo la Kanyaboli, kule Siaya, na mabwawa mengine machache. Wanaokausha vinamasi vya Yala vinavyolizunguka Kanyaboli wajue wanakausha pia hazina hiyo.

Ombi langu ni kwa viongozi wa vikundi vya kusimamia uvuvi katika kila mwalo, Kenya, Uganda na Tanzania. Tafuteni sahani ya upana wa sentimita 20, igaweni robo nne, mbili nyeusi na mbili nyeupe, tieni kamba yenye alama kila nusu mita, iteremsheni kila wiki mahali palepale saa sita mchana, na muandike namba kwenye daftari. Kisha lipelekeni daftari hilo kwa ofisa uvuvi wa eneo lenu, na msimruhusu aliweke kabatini.