ZEGE LINALOJISHINDILIA LENYEWE

Wewe uliyepata kujenga josho la ng'ombe au tangi la maji waijua taabu ya kushindilia zege. Lisiposhindiliwa vyema, hewa hubaki ndani, na ukuta huwa na matundu kama sega la nyuki. Maji huvuja, na vyuma vilivyomo hushika kutu.

Liko zege la namna nyingine, linalojishindilia lenyewe. Lilianzia Japani, ambako mafundi hodari wa kazi hii walikuwa wakipungua. Profesa Hajime Okamura alitoa shauri hilo mwaka 1986, na mwaka 1988 zege la kwanza la namna hiyo likapatikana.

Zege hili hutiririka kama uji mzito. Hupita katikati ya vyuma na kujaza kila pembe, wala kokoto zake hazizami chini. Vitu vinavyolifanya ni hivi:

1. Saruji, pamoja na unga mwingine laini, kama unga wa mawe ya chokaa.
2. Mchanga mwingi kuliko ilivyo desturi.
3. Kokoto chache na ndogo, kwa kawaida zisizozidi milimeta 20.
4. Maji yaliyopimwa kwa uangalifu.
5. Dawa maalum inayotawanya chembe za saruji zisigandamane. Dawa hii ndiyo inayolifanya zege litiririke pasipo kuongezwa maji.

Hapa ndipo watu hukosea. Mtu akiona zege linatiririka hudhani ni maji tu, naye huongeza debe zima katika zege lake. Hiyo ni hasara! Maji ya ziada yakikauka huacha vinjia vidogo vidogo, na zege huwa dhaifu. Tena kokoto huzama na saruji huelea juu.

Kazi ya zege hili ni ya mafundi wenye mizani na vipimo. Wewe ujengaye shambani, tumia zege la kawaida, nawe ufanye hivi: kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, maji yasizidi lita 25, mchanga ukiwa na unyevu, yapunguze. Mimina zege kidogo kidogo, ukilishindilia kwa chuma kila mara mpaka mapovu yaishe. Kisha lifunike kwa magunia yaliyoloweshwa, uyamwagie maji kila siku kwa muda wa siku 7 au zaidi.

Zege likiwa gumu kushindilia, ongeza bidii, usiongeze maji.