Pedi ya breki husajiliwa kwa mechi yake

TUKUYU. SHABIKI wa Bulyaga anayepanda gari kwenda Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya anaijua barabara ile kuliko anavyolijua benchi la timu yake. Ni kilomita kama 70. Zinapanda kwanza kupitia Kiwira hadi kwenye ukungu wa Isyonje, kisha zinaporomoka kuelekea Uyole. Akigeukia upande wa pili, kwenda Kyela, anateremka karibu mita 1,000 mpaka kwenye joto la Ziwa Nyasa.

Huu ndio mji uliozaa Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, na kwa muda mrefu mazungumzo ya michezo hapa yamekuwa ni soka tu. Lakini mbio za magari nazo zina watu wake. Kijana akishika Subaru Impreza, Altezza au Starlet iliyofunguliwa mapafu, hamu ya kujua gari lake linakwenda kiasi gani haiishii kwenye kuangalia video za Safari Rally.

Njia ya heshima ya kuikata hamu hiyo si barabara ya Mbeya–Kyela yenye bodaboda, watoto wa shule na akina mama wenye mikungu ya ndizi. Ni siku ya mbio: eneo lililofungwa, gari moja moja, saa mkononi, gari la wagonjwa pembeni. Kenya wanafanya Whistling Morans, karibu na Athi River. Afrika Kusini wana Kyalami, uwanja uliowahi kupokea Formula One. Tanzania, mchezo huu uko chini ya chama cha magari, AAT, na mashindano yamezoeleka zaidi Arusha, Tanga, Morogoro na Iringa.

Kutoka Bulyaga hadi Iringa ni karibu kilomita 400. Gari la kijana wa kawaida halibebwi kwenye lori. Linajiendesha lenyewe hadi huko, linakimbizwa siku nzima, halafu linajiendesha kurudi nyumbani usiku, pengine likiwa na washkaji watatu ndani. Hapo ndipo swali la breki linapokuwa gumu, kwa sababu gari hilo linacheza mechi tatu tofauti na wengi wanalisajilia mchezaji mmoja.

Hesabu ya mteremko

Kazi ya breki ni moja tu: kugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitupa joto hilo hewani. Anayeelewa hilo hadanganywi dukani.

Chukua gari ambalo pamoja na dereva lina kilo 1,200. Likiteremka mita 1,000, kama kutoka Tukuyu hadi Kyela, joto linalotakiwa kutolewa ni sawa na kulisimamisha gari hilo mara 25 kutoka kasi ya kilomita 100 kwa saa. Dereva mwenye akili anaweka gia ndogo, injini inabeba sehemu kubwa ya mzigo, upepo nao unasaidia. Kisha ana karibu saa nzima ya kuugawa mzigo huo.

Sasa lipeleke gari hilo uwanjani. Kona moja unayoifikia na kilomita 120 kwa saa na kuiingia na 60 inazalisha joto karibu sawa na kusimama kabisa kutoka 100. Zikiwepo kona sita za namna hiyo kwa mzunguko, mizunguko minne tu inamaliza joto lote la mteremko wa Kyela. Hiyo ni kazi ya dakika nane hivi, na huko hakuna gia ndogo ya kukuokoa, maana baada ya kila kona unakanyaga mafuta tena.

Kasi nayo haidai kwa mstari ulionyooka. Ukitoka 100 kwenda 140, umeongeza kilomita 40 tu, lakini joto la kusimama limekuwa karibu mara mbili. Ndiyo maana gari linaloteremka Igawilo bila wasiwasi linaweza kuishiwa breki uwanjani kabla chai ya saa nne haijapoa.

Pedi: beki wa baridi na beki wa moto

Pedi za kawaida za barabarani zimetengenezwa zishike mara moja, hata zikiwa za baridi. Asubuhi ya Julai pale Bulyaga, gari limelala nje, mvua imenyesha usiku kucha, unashuka kuelekea barabara kuu na mtoto anakatiza. Pedi hiyo itashika. Udhaifu wake uko upande wa pili. Kutegemea muundo wake, ikipita nyuzi joto 300 hadi 400 inaanza kulegea. Pedali inabaki ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote, gari linaendelea tu kwenda.

Pedi za mbio ni kinyume chake. Nyingi zinavumilia nyuzi 600 na zaidi, na huko ndiko zinakofurahi. Zikiwa za baridi zinateleza kama mchezaji aliyeingizwa bila kupasha misuli. Zinapiga kelele, zinatoa vumbi jeusi linaloganda kwenye rimu, na baadhi zinaila diski kwa haraka.

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Mtu anasikia neno "racing", anaamini amenunua usalama, anazifunga nyumbani na kuzitumia kila siku. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kwenye baridi na maji kiasi hicho, pedi ya mbio haipati nafasi ya kuchemka, na breki ya kwanza ya asubuhi, ile ambayo maisha ya mtu yanaitegemea, ndiyo inayokuwa mbovu kuliko zote. Amelipa hela nyingi ili gari lisimame vibaya zaidi.

Zipo pedi za katikati, zinazouzwa kama za barabarani na uwanjani. Ni kiraka mzuri. Kwa mtu anayeanza, anayekimbia mizunguko mitatu au minne kisha anapumzisha gari, zinatosha. Lakini kiraka ni kiraka. Ukianza kusaka sekunde, atachoka dakika ya 60.

Jibu linalofanya kazi kwa gari linalojiendesha lenyewe ni kuwa na seti mbili. Unakwenda na pedi za barabarani, za mbio ziko kwenye buti. Ukifika unainua gari, unabadilisha. Jioni, diski zikishapoa, unarudisha za barabarani kabla ya kuanza safari. Fundi mwenye mkono mwepesi hamalizi saa moja kwa magurudumu ya mbele, na kazi hiyo dereva mwenyewe anaweza kujifunza. Jambo moja la kuzingatia: utando unaoachwa kwenye diski na pedi moja haupatani kila mara na pedi nyingine, hivyo ni vizuri seti zote mbili zitoke kwa mtengenezaji mmoja anayeruhusu mchanganyiko huo.

Dukani, geuza pedi uisome. Nyingi zina maandishi pembeni yanayoishia na herufi mbili, kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza inaonyesha inavyoshika kwenye joto la kawaida, ya pili ikishapata moto. Kadiri herufi inavyosogea mbele kwenye alfabeti, ndivyo pedi inavyong'ang'ania zaidi. Ukiona FE, ujue inapungua nguvu ikichemka. Herufi hizo hazikuambii itakuwaje kwenye nyuzi 600, lakini pedi isiyo na maandishi yoyote haikuambii chochote, na hiyo iache dukani hata kama bei inachekesha.

Usifunge pedi kali nyuma peke yake. Gari likifunga breki uzito wote unalalia mbele, na nyuma kunabaki kwepesi. Pedi ya nyuma ikishika kuliko ya mbele, magurudumu ya nyuma yanajifunga na gari linageuka kama pia.

Diski: ukubwa si kila kitu

Vijana wengi wanaanza na diski kwa sababu inaonekana kwenye rimu. Kubwa, yenye matundu, inang'aa. Kwenye picha inapendeza. Uwanjani mambo ni mengine.

Diski ni sufuria ya kubebea joto. Chuma kikiwa kingi, joto linachelewa kupanda. Kwa hiyo diski nene, yenye uwazi katikati wa kupitisha hewa, ni bora kuliko nyembamba isiyo na uwazi. Matundu yaliyotobolewa, yanayopendwa sana mjini, yanapunguza chuma, na kwenye joto la mbio nyufa huanzia hapo hapo kwenye tundu. Mistari iliyochongwa juu ya diski ni afadhali: inakwangua uso wa pedi na kutoa vumbi na maji, ingawa pedi inaisha mapema kidogo. Kwa anayeanza, diski ya kawaida iliyo nzima, yenye uwazi katikati, inatosha kabisa.

Ukubwa nao una mazingira yake. Magari ya Rally1 yanayokuja Naivasha kwenye Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, hutumia diski za milimita 300 kwenye vumbi. Magari yale yale yakienda kwenye mashindano ya lami hufungwa za milimita 370. Kwenye vumbi tairi haina mshiko wa kutosha kuhitaji breki kubwa, na rimu ndogo inahitajika ili tairi nene ihimili mawe. Ikiwa timu za kiwanda hazibebi diski kubwa kila mahali, kijana wa Bulyaga anayekwenda kukimbia kwenye vumbi hana sababu ya kufanya hivyo.

Kuna na hesabu ya rimu. Mfano ni Impreza STI yenye breki za Brembo: diski za mbele ni milimita 326 na zinadai rimu ya inchi 17. Mtu ananunua seti hiyo ya mtumba, anafika gereji, rimu zake za inchi 15 haziingii. Sasa anatakiwa anunue rimu nne na tairi nne. Hela hiyo ingemtosha pedi seti mbili, diski mpya za kawaida na mafuta, na chenji ya nauli ya Sokoine ingebaki.

Diski ya mtumba ipimwe. Unene wa chini unaoruhusiwa umegongwa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi karibu na kitovu au ukingoni. Diski iliyochongwa kwenye mashine mara mbili ili "inyooke" inaweza kuonekana mpya, kumbe imebaki nyembamba, na nyembamba huchemka haraka. Ikiwa imekaribia kikomo, ya uwanjani siyo.

Mafuta ya breki ndiyo kipa

Breki zinaweza kufeli kwa namna mbili, na kila dereva, hata wa Noah ya mashabiki, anatakiwa azitofautishe. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halipungui mwendo, pedi zimezidiwa na joto. Pedali ikizama hadi chini kama unakanyaga sifongo, mafuta yamechemka na kutoa mvuke. Hii ya pili ndiyo inayoua, maana haitoi onyo refu.

Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, DOT 4 nyuzi 230, DOT 5.1 nyuzi 260. Ubaya ni kwamba yanavuta unyevu hewani. Yakishanyonya maji, kiwango cha DOT 3 kinashuka hadi 140 na cha DOT 4 hadi 155. Kwenye mji wa ukungu na mvua kama Tukuyu, mafuta ya miaka mitatu ni kipa mwenye mikono iliyopakwa sabuni. Yamwagwe yote na kuwekwa mapya ya DOT 4 au 5.1 kabla ya siku ya mbio. DOT 5 ni ya silikoni, ni kitu kingine kabisa, na haichanganywi na hayo.

Kabla na baada ya filimbi

Pedi na diski mpya hazikimbizwi siku hiyo hiyo. Tafuta sehemu tambarare isiyo na watu, punguza kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa. Kisha endesha taratibu dakika kumi zipoe. Pedi na diski zinajengeana utando unaozifanya zishikane sawasawa.

Uwanjani, mzunguko wa mwisho ni wa kupoza. Ukisimama usivute handibreki wala kuendelea kukanyaga pedali, maana pedi ya moto iliyobanwa sehemu moja inaacha alama kwenye diski, na usukani utaanza kutetemeka. Weka gia, weka jiwe kwenye tairi.

Mwenye hela kidogo aanze na mafuta, kisha pedi, kisha diski nzima ya kawaida. Breki kubwa zije mwisho, tena tairi zikiwa nzuri, kwa sababu tairi ndiyo inayoshika ardhi. Na kabla ya kuwasha gari kurudi Bulyaga, pedi za barabarani ziwe zimerudi mahali pake. Isyonje usiku kuna ukungu, lami imelowa, na lori lenye mzigo wa ndizi huwa halina taa za nyuma.