Mtoto mwenye viungo laini si mvivu

Kagunga, Kigoma. Mtoto anakunja dole gumba mpaka linagusa mkono, wenzake wanashangilia. Jioni mtoto huyohuyo analia magoti. Kesho yake akitumwa maji anasema amechoka, na mzazi anaona anadeka.

Huenda si kudeka. Wapo watu ambao viungo vyao hupinda kupita kawaida kwa sababu kano zinazoshikilia mifupa ni laini zaidi. Mara nyingi hali hii hurithiwa katika familia. Huonekana zaidi kwa watoto kuliko watu wazima, na kwa wasichana kuliko wavulana.

Wengi haiwasumbui kabisa. Wengine huumia, kwa kuwa misuli hufanya kazi ya ziada kushikilia kiungo kisichotulia. Mtoto huchoka mapema, huteguka kifundo cha mguu mara kwa mara, au vidole humuuma akiandika.

Wataalamu hutumia kipimo cha Beighton chenye alama 9. Hupimwa vidole vya mwisho, dole gumba, viwiko na magoti ya pande zote mbili, kisha mtoto huinama aguse sakafu kwa viganja bila kukunja magoti. Alama nyingi pekee si ugonjwa. Huangaliwa pamoja na maumivu na maisha yake ya kila siku.

Nyumbani na shuleni

Kutoka Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi, wengi hufika Kigoma mjini kwa boti. Si safari ya kila wiki, hivyo msaada mkubwa utatoka nyumbani.

Hakuna dawa ya kukaza kano. Kinachosaidia ni misuli yenye nguvu. Mazoezi mepesi ya kila siku, kama kusimama kwa mguu mmoja au kukaa na kuinuka polepole, yanafaa kuliko mazoezi makali ya siku moja. Mtoto asizuiwe kucheza.

Mpunguzie mzigo: ndoo ndogo safari mbili ni bora kuliko kubwa safari moja. Usimnyanyue kwa kumvuta mikono. Mkataze kuonyesha michezo ya kukunja viungo. Viatu vinavyoshika kisigino humsaidia kwenye miinuko.

Zungumza na mwalimu. Aruhusiwe kupumzisha mkono anapoandika, na asiadhibiwe kwa kuchelewa mstari wa mbio.

Wakati wa kwenda hospitali

Usisubiri kiungo kikivimba, kikiwa na joto au kikikakamaa asubuhi, mtoto akipata homa au akichechemea. Mpeleke pia akiteguka mara kwa mara, ngozi yake ikivutika sana au kupata michubuko kirahisi, au akiwa na shida ya macho au moyo. Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ipo Kigoma mjini.

Leo akisema magoti yanauma, muulize kwanza alifanya nini mchana.