Nyumba 200, uwanja mmoja: Hesabu inayompa mtoto mahali pa kucheza

Saa 11 jioni watoto wa mtaa mpya hawaulizani wakutane wapi. Kuna kiwanja kimoja ambacho mwenyewe hajaanza kujenga, na mawe mawili kila upande yanatosha kuwa magoli. Siku mwenye kiwanja anaposhusha lori la mchanga na tofali za msingi, mchezo unahamia barabarani. Magari na bodaboda zikizidi, wazazi wanawaita watoto ndani, na ndani kuna televisheni na simu.

Hakuna aliyekosea hapo. Mwenye kiwanja amejenga kwake, na mzazi amemlinda mwanawe. Kosa lilifanyika miaka kadhaa nyuma, siku shamba lilipokatwa viwanja na kila kipande kikapata mnunuzi, pasibaki hata kimoja cha watu wote.

Swali la nani aache ardhi ya kuchezea, na kiasi gani, huonekana kama jambo la maofisa ardhi na wapima. Lakini linagusa afya ya familia moja kwa moja. Na ipo miji ambayo imeliwekea hesabu ambayo mzazi yeyote anaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi.

Dakika 60 zinahitaji mahali

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtoto wa miaka mitano hadi 17 apate kwa wastani angalau dakika 60 kila siku za kukimbia, kuruka, kucheza mpira au shughuli nyingine inayomfanya aheme. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi minne, ushauri ni angalau dakika 180 za kuchangamka, zikigawanywa kutwa nzima. Michezo hiyo huimarisha moyo, misuli na mifupa, husaidia kudhibiti uzito na humpa mtoto usingizi mzuri.

Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya takwimu za wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146, ulionyesha kuwa zaidi ya wanne kati ya kila watano hawafikii kiwango hicho.

Mara nyingi lawama huangukia simu. Lakini mtoto anayeambiwa aache simu akacheze lazima awe na pa kwenda. Ofisi ya WHO ya Kanda ya Ulaya imependekeza kwamba mkazi wa mjini awe na eneo la kijani la umma lenye ukubwa wa angalau nusu hekta hadi hekta moja, ndani ya mita 300 kutoka nyumbani. Huo ni mwendo wa kama dakika tano kwa miguu.

Tatizo ni kwamba mtaa ukishajaa nyumba, nusu hekta haipatikani tena bila kubomoa. Ndiyo maana baadhi ya miji huidai siku ile ile ardhi inapogawanywa.

Hesabu ya California

Mfano unaoeleweka kwa urahisi unatoka jimbo la California, Marekani. Mwaka 1965 jimbo hilo lilipitisha sheria inayojulikana kwa jina la mbunge wake, John Quimby. Inaruhusu jiji au kaunti kumtaka mwendelezaji, yaani kampuni au mtu anayegawa ardhi ili kujenga nyumba za kuuza, atoe sehemu ya ardhi hiyo iwe bustani ya umma, au alipe ada badala yake, au afanye vyote kwa pamoja.

Kiasi hakipangwi kwa kukisia. Hesabu huanza na watu.

Kwanza, jiji huhesabu nyumba zitakazojengwa. Pili, huzidisha idadi hiyo kwa wastani wa watu wanaoishi katika nyumba moja, wastani unaotokana na sensa. Tatu, huzidisha idadi ya watu kwa kiwango cha bustani kilichowekwa. Kiwango cha kawaida ni ekari tatu kwa kila watu 1,000. Jiji ambalo tayari lina bustani zinazozidi kiwango hicho linaweza kudai zaidi, lakini lisivuke ekari tano kwa watu 1,000. Nne, kama mwendelezaji atalipa fedha badala ya kutoa ardhi, ekari zilizopatikana huzidishwa kwa bei ya ardhi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwendelezaji anataka kujenga nyumba 200, na wastani ni watu watatu kwa kila nyumba. Hao ni watu 600. Kwa kiwango cha ekari tatu kwa watu 1,000, anatakiwa kutoa ekari 1.8, ambazo ni takriban mita za mraba 7,280. Uwanja wa mpira wa miguu wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una mita za mraba 7,140. Kwa maneno mengine, nyumba 200 zinazaa uwanja mmoja wa mpira na kaukingo kadogo pembeni.

Kama ekari moja eneo hilo inauzwa dola milioni moja, ada itakuwa dola milioni 1.8. Ukiigawa kwa nyumba 200, kila nyumba inabeba dola 9,000.

Ardhi au fedha?

Hapo ndipo uamuzi mgumu unapoanza. Ardhi ikitolewa, watoto wanaiona siku wanapohamia. Fedha zinaweza kukaa benki huku watoto wakikua.

Hata hivyo, ardhi haifai kila mara. Mradi wa nyumba 20 ungetoa kipande kidogo tu. Sheria ya Quimby inaliona hilo: mradi wenye viwanja 50 au pungufu kwa kawaida hudaiwa ada tu, ili fedha za miradi midogo kadhaa zichangwe na kununua eneo moja la maana.

Ili fedha zisipotee njiani, sheria imeweka masharti. Jiji lazima liwe na mpango wake wa bustani kabla ya kudai chochote, na lieleze litazitumia vipi na lini. Ndani ya miaka mitano baada ya malipo, au baada ya vibali vya ujenzi kutolewa kwa nusu ya viwanja, kutegemea lipi limechelewa, fedha ziwe zimeshapangiwa matumizi. Zisipopangiwa, hurudishwa kwa wamiliki wa viwanja vya mradi huo.

Kuna mambo mawili ambayo ada hiyo haiyamalizi. La kwanza ni matunzo. Ada ni ya kupata, kujenga au kukarabati bustani, na si ya kulipa wafyekaji na walinzi kila mwezi. Jiji lisipotenga bajeti nyingine, bembea zitakatika na nyasi zitageuka kichaka. La pili ni bei. Jiji linaloendelea kutumia bei ya ardhi ya miaka kumi iliyopita linaweza kukusanya fedha zisizotosha kununua eneo lililokusudiwa.

Asilimia kumi ya shamba

Si kila mji unahesabu watu. Mingine huchukua asilimia ya ardhi. Jiji la Bloomington, katika jimbo la Minnesota, liliweka kanuni ya jumla ya asilimia 10 ya ardhi inayogawanywa, au thamani yake kwa fedha. Kanuni hiyo ilipingwa, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaona kwamba si batili.

Asilimia ni rahisi kuhesabu, lakini ina kasoro. Shamba la ekari 10 hutoa ekari moja, iwe limejengwa nyumba 20 au fleti 300. Watoto wa nyumba 20 watapata nafasi tele, wa fleti 300 watabanana. Njia ya kuhesabu watu hurekebisha hilo, kwa sababu panapoongezeka watu, deni la bustani nalo huongezeka.

Mahakama inapoingilia

Waendelezaji nao wana hoja. Kwa nini wao wabebe mzigo wa jiji zima? Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya California ilijibu hoja hiyo katika kesi ya chama cha wajenzi dhidi ya jiji la Walnut Creek. Iliamua kwamba jiji linaweza kudai ardhi au ada, kwa kuwa wakazi wapya wanaongeza mahitaji ya bustani.

Lakini madai hayo yana mpaka. Mwaka 1994, katika kesi ya Florence Dolan, aliyetaka kupanua duka lake la vifaa vya mabomba na umeme mjini Tigard, jimbo la Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jiji lazima lionyeshe kwamba kinachodaiwa kinalingana kwa kiasi na athari za mradi. Jiji lilitaka ampe sehemu ya ardhi yake kando ya kijito kwa ajili ya eneo la kijani na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Mwaka 2024, katika kesi ya George Sheetz iliyohusu ada ya barabara, mahakama hiyo hiyo ikaongeza kwamba hata ada zilizowekwa kwa sheria kwa waombaji wote hazikwepi kipimo hicho.

Kwa hiyo hesabu ya watu na ekari ndiyo ushahidi wa jiji mahakamani. Jiji lisiloweza kueleza lilivyopata kiwango chake linaweza kushindwa, na bustani ikapotea.

Ipo pia hofu kwamba ada hupandisha bei ya nyumba, na kwamba anayeumia ni mwenye kipato kidogo. Los Angeles, ilipofanyia mabadiliko ada yake mwaka 2016 na kuzijumuisha nyumba za kupangisha, ilizisamehe nyumba zilizotengwa kwa watu wa kipato cha chini.

Tukihesabu kwa kaya za hapa

Sheria za Marekani hazihusu Kibaha, Chanika wala Kigamboni. Lakini hesabu yake inaweza kufanywa popote. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Mradi wa viwanja 200, kila kimoja na kaya moja, utakuwa na watu 860. Kwa kiwango kile kile cha ekari tatu kwa watu 1,000, unahitaji karibu ekari 2.6, sawa na uwanja wa mpira mmoja na nusu.

Muuzaji wa viwanja vya mita 20 kwa 20 ataiona hesabu hiyo kwa jicho jingine. Kwake ni viwanja 26 ambavyo hatauza. Hapo ndipo kishawishi kilipo, na ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa hiari ya muuzaji.

Nchini, ardhi ya mjini hupangwa kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, kwa michoro inayoidhinishwa. Katika michoro hiyo maeneo ya wazi huonyeshwa pamoja na barabara na viwanja vya makazi. Lakini migogoro ya maeneo ya wazi yaliyovamiwa na kujengwa si migeni kwa wakazi wa Dar es Salaam. Nairobi nako, mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alilazimika kupambana hadharani kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Bustani ya Uhuru. Eneo kuwa wazi kwenye mchoro ni mwanzo tu.

Kabla hujalipia kiwanja

Familia nyingi zinapokwenda kuangalia kiwanja huuliza bei, umbali wa barabara ya lami, maji na umeme. Maswali machache zaidi hayagharimu kitu.

Omba kuona mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, si kipeperushi cha matangazo. Tafuta eneo la wazi liko wapi. Hesabu viwanja vyote vya mradi, zidisha kwa watu wanne au watano, kisha linganisha na ukubwa wa eneo hilo. Kila mtu mmoja, kwa kiwango cha ekari tatu kwa 1,000, anahitaji kama mita 12 za mraba.

Kisha tembea kutoka kiwanja unachotaka hadi eneo hilo, kwa mwendo wa mtoto wa miaka saba. Angalia kama atalazimika kuvuka barabara kubwa au mfereji. Eneo la wazi lililo bondeni ambako maji hutuama halitamfaa msimu wa mvua.

Thibitisha halmashauri, na si kwa dalali pekee, kwamba eneo hilo bado limeandikwa kuwa la umma. Ukishahamia, liulizie kwenye mkutano wa mtaa kabla halijapata mwenyewe. Wakazi wanaopanda miti pembezoni, kuweka magoli na kulifyeka kwa zamu huonyesha kuwa eneo lina watu, na mvamizi hupata shida kudai kwamba lilikuwa pori.

Kama eneo hilo halipo kabisa kwenye mchoro, ni vema familia ijue kabla ya kulipa. Kiwanja jirani ambacho watoto wanachezea leo kina mwenyewe, na siku moja atakuja na tofali zake.