Jua la Kajiado, vitamini D na kisukari cha ujauzito

Kisukari cha ujauzito ni hali ya sukari kupanda katika damu ya mama mjamzito. Homoni za kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini, na kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi. Mwili ukilemewa, sukari hubaki kwenye damu. Mtoto huweza kunenepa kupita kiasi na kufanya uzazi kuwa mgumu, naye mama huwa katika hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili baadaye.

Vitamini D huhusishwa na hali hii kwa sababu seli za kongosho zinazotengeneza insulini zina vipokezi vyake. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua, kisha ini na figo huibadilisha ili itumike mwilini.

Kaunti ya Kajiado iko kusini kidogo ya ikweta, na jua hulipata mwaka mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao ulikuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, wakati wataalamu wengi huona 50 zinatosha. Hao hushinda nje. Mjini Kitengela, katika kaunti hiyo ya Kajiado, jua ni lilelile ila siku ni nyingine: mkazi anayetoka na matatu alfajiri kwenda kazini Nairobi, akashinda ofisini na kurudi jioni, hulipata kidogo. Kioo cha dirisha huzuia miale inayohitajika, nguo ndefu huizuia pia, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani.

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wajawazito wenye vitamini D kidogo hupata kisukari hiki zaidi. Hata hivyo, unene wenyewe hushusha kiwango cha vitamini hiyo katika damu na pia huongeza hatari ya kisukari, kwa hiyo si rahisi kujua kipi ndicho chanzo. Majaribio ya kuwapa wajawazito vidonge hayajatoa jibu moja. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani halikupendekeza vidonge vya vitamini D kwa kila mjamzito. Anayeshukiwa kupungukiwa anaweza kupewa yuniti 200 kwa siku. Kuzidisha vidonge hupandisha kalsiamu na kuweza kudhuru figo.

Kipimo cha sukari ndicho hugundua ugonjwa. Kwa kawaida hufanywa kliniki kati ya wiki ya 24 na 28: mama hupimwa kabla ya kula, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hupimwa tena. Sukari ya milimoli 5.1 kwa lita au zaidi kabla ya kula, au 8.5 au zaidi baada ya saa mbili, huashiria kisukari. Wengi huidhibiti kwa kupunguza soda, chai ya sukari na wingi wa ugali na chapati, kuongeza mboga na maharagwe, na kutembea kila siku. Wengine huhitaji insulini. Baada ya kujifungua, mama hurudi kupimwa kati ya wiki ya 6 na 12.