Tanzia za Wayunani katika Riwaya za Leo
Sehemu ya Pili: Maiti Iliyonyimwa Kaburi

Bandari ya Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake uliofanana na Sfinksi wa Misri. Sfinksi wa Wayunani alikuwa kiumbe mwingine. Aliwategea wapita njia wa Thebes kitendawili, na aliyeshindwa aliliwa. Oedipus alikitegua, akapewa ufalme, kumbe alikwisha kumuua babaye na sasa anamwoa mamaye. Kisa hicho tunacho kwa Kiswahili tangu 1971, Samuel Mushi alipoitafsiri tamthilia ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode.

Leo tumtazame Antigone, binti wa Oedipus. Kaka zake wawili wameuana wakigombea Thebes. Mfalme mpya, Creon, anaamuru mmoja azikwe kwa heshima, na yule aliyeleta jeshi la kigeni aachiwe ndege na mbwa. Creon huyo ni mjomba wao, mtu ambaye kwetu angetazamiwa kuusimamia msiba. Antigone anamfukia kakaye kwa mikono yake, naye anahukumiwa kufungiwa pangoni angali hai.

Mwaka 2017 Kamila Shamsie, mzaliwa wa Pakistani, alikisimulia kisa hiki upya katika riwaya ya Home Fire. Creon wake ni waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza. Kijana wa London aliyejiunga na wapiganaji wa Syria anauawa akitafuta njia ya kurudi, na serikali inaikataa maiti yake. Dada yake anaifuata hadi Karachi. Miungu ya Wayunani haimo, lakini swali lao limo: je, amri ya dola inafika hadi kaburini?

Swali hilo mkoani Ruvuma lina wenyewe. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa Vita vya Majimaji. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na hadi leo unakidai. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba radhi na kuahidi msaada wa kulitafuta fuvu hilo.

Mwandishi wa Mbinga au Mbamba Bay atakayeishika mada hii asiishie kumlaani mkoloni. Tanzia ya Sophocles ina nguvu kwa sababu Creon ana hoja, na kwa sababu Ismene, dada yake Antigone, anampenda marehemu vilevile lakini anaiogopa sheria. Hapo ndipo riwaya yetu ianzie: ndani ya ukoo mmoja, kati ya anayesema wafu waachwe walale na anayeapa kwamba hawajalala. Wote wawili wapewe maneno mazito, na msomaji aone ugumu wa kuchagua. Riwaya ya namna hiyo haitakuwa deni kwa Wayunani. Itakuwa haki ya waliofiwa.

Juma lijalo: Medea, mke aliyeachwa ugenini.