Kufuta Diski Kuna Bei Yake

Tangu Microsoft isimamishe huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta mpakato nyingi za ofisi zimekosa makao zikiwa bado nzima. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine nyingi za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ofisi ya Ulaya yenye HP EliteBook 840 G3 au ThinkPad T470 mia kadhaa haina cha kuzifanyia. Inazitoa kwa mkupuo, vioo safi, kibodi hazijachubuka. Mashine za namna hiyo hupita Dubai, kwenye maduka ya Barabara ya Khalid bin Al Waleed kule Bur Dubai, au kwenye maghala ya Sharjah, kisha hushukia Kariakoo na Luthuli Avenue. Nairobi huziita ex-UK hata kama zimetoka Ujerumani.

Mwagizaji akifungua shehena, kila kitu ndani yake kina bei. Kioo chenye mstari kinashusha thamani, betri iliyochoka inashusha zaidi, RAM ya GB 16 inapandisha. Kazi moja tu haimo kwenye hesabu: kuitoa mashine mikononi mwa mwenyewe wa zamani na kumkabidhi mpya ikiwa safi. Mteja huambiwa, "Kaka, Windows tunakupigia bure," naye hufurahia nyongeza hiyo. Naamini hapo ndipo biashara hii ilipopinda. Kazi isiyolipwa hufanywa mbiombio, na hii ikifanywa mbiombio huumiza watu wawili wasiojuana: aliyeiacha mashine na anayeichukua.

Tuanze na aliyeiacha. Kupiga Windows upya juu ya diski ya kuzunguka iliyofomatiwa haraka hakufuti mafaili. Ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu kizima rafuni: picha, mikataba, nakala za pasipoti, vyote vinabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mafundi wanalijua hili kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndio wanaoletewa diski zilizofomatiwa kwa bahati mbaya wakazirudisha picha za harusi kwa programu za bure kama PhotoRec. Ujuzi wa kurudisha na ujuzi wa kufuta unakaa meza moja. Kinachokosekana ni muda. Diski ya kuzunguka yenye GB 500, ikiandika MB 100 kwa sekunde, inahitaji kama dakika 83 kufunikwa yote mara moja; ya TB 1 inakaribia saa tatu. Muda wote huo mashine imekalia meza, soketi na chaji, na haiuziki. Jirani asiyefuta atamaliza mzigo wake mapema, kwa bei ileile, na mteja hana namna ya kuona tofauti kwa macho.

Madhara yake yana ushahidi wa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walichapisha utafiti wa diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Diski 129 zilikuwa zinafanya kazi. Kati ya hizo 12 tu ndizo zilizofutwa sawasawa, na kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Mwaka 2009 waandishi wa kipindi cha Frontline cha PBS walinunua Ghana, kwa dola 40, diski iliyokuwa na taarifa za mikataba ya kampuni ya ulinzi ya Northrop Grumman na serikali ya Marekani. Halafu kuna kisa cha Morgan Stanley, ambacho kila mkuu wa ofisi anayeuza vifaa angepaswa kukijua. Benki hiyo iliipa kazi ya kuondoa vifaa vyake kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wowote wa kufuta data. Vifaa vikauzwa, vingine vikaibukia kwenye mnada wa intaneti vikiwa na taarifa za wateja, na Septemba 2022 kitengo chake cha huduma za uwekezaji kikakubali kulipa faini ya dola milioni 35 kwa mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani. Kufuta kuliingizwa kwenye gharama ya kubeba mizigo. Ndivyo tunavyofanya nasi, kwa kuingiza kazi ya kufuta kwenye gharama ya kupiga Windows.

Habari njema ni kwamba kisingizio cha muda kinapungua. Diski za SSD hazifutwi kwa kufunikwa, kwa sababu zenyewe hutawanya maandishi na kuweka akiba ya nafasi ambayo programu ya kawaida haiioni. Zina amri yake ya ndani ya kujifuta, nayo mara nyingi humalizika kwa sekunde au dakika chache. HP, Dell na Lenovo wameiweka amri hiyo ndani ya BIOS, programu ya kuwashia mashine, kwenye mashine zao nyingi za ofisi. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data, ni rahisi zaidi: ufunguo wake ukiharibiwa, kilichobaki hakisomeki. Hata Windows yenyewe ina njia ya kurejesha mashine upya na kuondoa kila kitu, ila lazima uingie kwenye mipangilio na kuwasha chaguo la kusafisha diski, maana kwa kawaida limezimwa. Kubofya mara mbili tatu, basi. Wengi hawabofyi.

Sasa upande wa mnunuzi, ambako fedha hupotea waziwazi. Mashine nyingi za makampuni husajiliwa kwa mwajiri kupitia huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot, na usajili huo umefungwa kwenye maunzi, si kwenye Windows. Fundi akiiwasha bila intaneti, mashine inapita salama. Siku mnunuzi atakapoirejesha upya mwenyewe, akaunganisha mtandao, itamtokea nembo ya kampuni ya mbali ikimdai barua pepe na neno la siri la kazini. Mac zenye chipu ya T2 au chipu za Apple zenyewe zinaweza kubaki na akaunti ya mwenyewe wa zamani kwa namna hiyohiyo. Zipo pia zenye neno la siri la BIOS, na zenye programu ya ulinzi ya Absolute ambayo, ikiwa imewashwa, hujirudisha hata ukibadilisha diski. Kufuli hizi hazifunguliwi Kariakoo. Anayezifungua kihalali ni aliyezifunga, na ndiyo maana mwagizaji makini anadai zitolewe kabla hajalipia mzigo Dubai. Mnunuzi wa rejareja naye aombe mashine ianzishwe upya mbele yake ikiwa imeunganishwa na intaneti. Muuzaji akikataa, aiache.

Linaloniuma zaidi ni leseni. Mashine nyingi za ofisi zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8 hubeba ufunguo halali ndani ya BIOS. Ukipiga toleo linalolingana nao, Windows hujiidhinisha yenyewe ikipata mtandao. Bado mafundi wengi huchomeka flashi yao ya siku zote yenye Windows ya wizi, na mwanafunzi aliyenunua mashine yenye leseni anaondoka na programu ya kuvunja ulinzi, ambayo huenda imebeba virusi.

Tusidhani pia kwamba mzigo unatoka nje tu. Benki, hospitali, shule na idara za serikali za hapa kwetu nazo huuza kompyuta chakavu kwa mnada, na ndani yake kuna majina yetu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ni ya mwaka 2019. Ya Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinamtaka aliyekusanya taarifa azilinde na asizihifadhi kupita muda unaohitajika. Diski iliyouzwa ikiwa na mafaili ya wagonjwa ndani yake imevunja masharti yote mawili. WEEE Centre ya Nairobi na Enviroserve ya Rwanda huuza huduma ya kuharibu data, kwa hiyo bei ipo tayari kwa ofisi inayotaka kuiuliza.

Fundi wa mtaani anaweza kuingia soko hilo bila mtaji mkubwa. Anahitaji stakabadhi yenye namba ya mashine, namba ya diski, njia aliyotumia kufuta, tarehe na sahihi yake, na atoze fedha kwa kufuta kama kazi inayojitegemea. Mnunuzi wa mwisho, anayejikusanyia senti kumnunulia mwanawe kompyuta ya chuo, hapaswi kubebeshwa malipo hayo. Aliyekusanya taarifa ndiye amlipe fundi, kabla mnada haujatangazwa.